Filta Nyeusi ya Siku Jua Lilipomegwa

Mwanangu Nyamizi,

Ninakuandikia nikiwa kwenye meza ya studio. Jua linashuka upande wa stesheni, nawe umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Begi lako nimeliona pale mlangoni, limeshafungwa. Sitakuandikia habari za chandarua, wala dawa, wala maji ya kuchemsha. Hayo unayajua, na watafiti unaokwenda nao wana dereva na mpishi. Nina jambo moja tu la kukwambia. Nimelibeba miaka kumi, na wiki nzima hii nimejaribu kulisema kwa mdomo nikashindwa. Leo mchana tulipokuwa tunakula nilifungua mdomo kabisa, ukaniuliza, "Mama, unataka chumvi?" Nikasema ndiyo.

Unakumbuka ubishi wetu wa Jumatano. Ulikuwa umetandaza vifaa vyote kitandani: lenzi mbili, brashi, pampu ya kupulizia vumbi, na zile filta zako kila moja ndani ya kikasha chake. Ukaishika ile ya kukinga, kile kioo cheupe kinachofungwa mbele ya lenzi, ukasema, "Hii siibebi. Nitie kioo dhaifu mbele ya lenzi nzuri ili iweje? Hudi inatosha." Ukanionyesha ile pete ndefu ya plastiki inayokaa mbele ya lenzi kama ukingo wa kofia.

Nikakujibu kwa ukali kuliko ilivyostahili. Nikakwambia njia mnayokwenda kuipiga picha, kutoka hapa Tabora hadi Ulyankulu, Urambo, Malagarasi mpaka Ujiji, imekanyagwa na miguu ya wapagazi wa misafara ya zamani mpaka udongo wake ukawa kama unga, na kwamba utaifuta lenzi mara ishirini kwa siku. Ukacheka. "Basi nitaibeba, ila nitaivaa siku za vumbi tu." Halafu, huku unakunja kitambaa, bila kuniangalia, ukasema, "Nataka nipige nyingi safari hii, mama. Kabla macho yangu hayajaanza kama ya kwako."

Nikatoka nje nikisema maziwa yanachemka. Hapakuwa na maziwa jikoni.

Acha nianzie mbali kidogo, maana nisipoanzia huko hutaelewa mimi ni mtu wa namna gani linapokuja suala la kukiri kosa.

Wewe ulikuwa hujaanza shule nilipoitwa Ulyankulu kupiga picha misa ya kwanza ya Padri Deo. Ndugu zake ni wale waliotoka Burundi zamani, na bibi yake mzaa baba, Bibi Skolastika, ndiye aliyevuka mpaka kwa miguu na watoto wanne, akafyeka msitu, akalima, akaishi hadi kumwona mjukuu wake anapewa upadri. Mimi nilikuwa na kamera niliyojivunia na lenzi moja nzuri. Kwa kuogopa kuiharibu nilinunua filta ya kukinga kwa mmachinga pale sokoni. Sikuiangalia hata dhidi ya taa. Niliona ni kioo, kioo ni kioo.

Kanisani palikuwa na mishumaa mingi sana. Ulipofika wakati wa padri mpya kutoa baraka zake za kwanza, Bibi Skolastika alipiga magoti mbele ya mjukuu wake, naye akamwekea mikono kichwani. Nimepiga picha za harusi na misiba mpaka sikumbuki idadi, lakini sijaona uso kama ule. Ulikuwa uso wa mtu ambaye ameweka mzigo chini na bado haamini kwamba hana tena kitu mgongoni. Nilipiga picha moja nikashindwa kupiga ya pili. Nililia, ndiyo ukweli.

Baada ya misa ngoma zikaanza nje. Ngoma za Warundi, Nyamizi, huzisikii masikioni tu. Zinapita kwenye udongo zinapanda miguuni, unahisi mbavu zako zinajibu. Nililala chini kifudifudi karibu na wapigaji ili niwapate na anga nyuma yao. Mmoja akaruka, fimbo ikamponyoka, ikaja moja kwa moja kwenye kamera. Nikasikia kioo kinapasuka. Nikadhani nimekwisha. Nilipokaa nikatazama, filta ilikuwa vipande vipande, na nyuma yake lenzi nzima, haina hata mkwaruzo. Nikawaonyesha watu wote ile pete iliyovunjika kana kwamba ni mimi niliyefanya muujiza. Mpiga ngoma alikuja kuniomba radhi, nikamkumbatia.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipozitazama picha vizuri. Ile ya baraka ilikuwa na madoa ya kijani, makubwa, yanayong'aa. Ilikuwa ni mishumaa iliyojirudia ndani ya kile kioo kibaya, na doa kubwa kuliko yote lilikaa juu ya paji la uso wa Bibi Skolastika. Sikuwa na picha nyingine ya tukio lile.

Nilimpelekea albamu mwenyewe. Akageuza kurasa taratibu, akafika pale, akaweka kidole. "Mama, hiki cha kijani juu yangu ni nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema, Bibi, nilitumia kioo kibovu, nisamehe. Nikasema, "Ni mwanga wa baraka, bibi."

Alinitazama, akaitazama picha. Macho yake yakajaa. "Urakoze," akasema, ndiyo asante kwa Kirundi, akanishika mikono yote miwili. Picha ile aliitundika ukutani, akawaonyesha majirani na wageni waliotoka Urambo na Kigoma. Alipokufa iliwekwa juu ya jeneza. Siku ile nilimvuta Padri Deo pembeni nikamwambia ukweli. Akasema, "Nilijua, mama. Hata mimi nimeshika kamera seminarini. Nilimwona bibi anafurahi nikanyamaza." Alinisamehe. Lakini aliyestahili kuambiwa ni bibi, naye alikuwa ndani ya sanduku.

Kwa hiyo filta moja, siku moja, iliharibu picha niliyoipenda kuliko zote na ikaiokoa lenzi. Na hata hilo la kuiokoa sina hakika nalo. Kioo cha mbele cha lenzi ni kinene, huenda kingehimili fimbo, na huenda hudi yako ingeizuia. Ndiyo maana Jumatano nilikuwa mkali, nilikuwa nabishana na kitu ambacho mwenyewe sina jibu lake. Ninachojua ni hiki: kabla hujanunua filta isimamishe chini ya taa ya tyubu uangalie taa inavyojirudia kwenye kioo. Ikiwa nyeupe kabisa, kama kwenye dirisha, iache dukani. Ikiwa imefifia, ina rangi ya zambarau au kijani kibichi, kioo hicho kimepakwa utando mzuri. Na penye mishumaa au taa zinazokutazama usoni, ifungue, hata iwe nzuri namna gani. Vumbi lipulize kwanza, ndipo ufute. Mimi niliwahi kufuta lenzi kwa upindo wa kanga pale Urambo, kwenye kituo cha kununulia tumbaku, upepo umevuma, na ule mkwaruzo wake bado upo. Umeuona.

Sasa nije kwako.

Ulikuwa na miaka saba nilipokupeleka bwawa la Igombe. Nilikuwa nimepata polaraiza, ile filta ya kuzungusha, na sikuwa nimeijaribu. Maji yalikuwa yanang'aa anga tupu, mawingu yote yapo mle, huoni kitu chini. Nikaifunga kwenye lenzi, nikachungulia, nikazungusha pete polepole. Anga ikaondoka juu ya maji. Sina namna nyingine ya kusema. Ilijiondoa kama mtu anavyofunua shuka, na chini nikaona mawe, majani marefu yanayolala upande mmoja, na samaki, samaki wengi wadogo wamesimama kwenye mkondo. Nilikuwa nimeishi Tabora maisha yangu yote, na kumbe mle ndani kulikuwa na kijiji kizima.

Nikakuinua uchungulie. Nikakushikisha pete uizungushe mwenyewe. Ukapiga kelele, "Mama, nimefungua maji!" Ukayafunga, ukayafungua, ukayafunga, mpaka mikono yangu ikachoka kukubeba.

Tangu siku hiyo kila nilipochungulia kamera ulikuja mbio. "Mama, nami nione." Popote, harusini, sokoni, barazani. Nami sikuwahi kukunyima.

Siku jua lilipomegwa ulikuwa na miaka kumi na miwili. Redio ilikuwa imetangaza wiki nzima: msitazame kwa macho matupu, tafuteni miwani maalumu. Watu walikuwa wanatafuta vioo vya mafundi wa kuchomelea. Mimi nikajiona nina akili kuliko wote. Nilikuwa na filta nyeusi, ile ninayoitumia kwenye mito ili maji yanayotembea yaonekane laini kama maziwa. Ukiitazama kwa jicho huoni karibu kitu. Nikasema, kama ni giza, giza hili hapa. Nikaifunga kwenye lenzi ndefu, nikaweka kamera kwenye stendi uani mbele ya studio, nikaielekeza juani, nikaweka jicho langu la kulia.

Sitakudanganya, ilikuwa nzuri mno. Jua lilikuwa kisahani chenye rangi ya chungwa, na upande mmoja pameng'atwa. Nikapiga. Baada ya dakika chache pameng'atwa zaidi. Kuku wa jirani wakaanza kurudi bandani. Joto lilishuka ghafla, nikachukua kanga nijifunike mabega. Mwanga wa uani ukawa na rangi ya sufuria, vivuli vikawa vyembamba, vikali kama vimekatwa kwa wembe. Watu barabarani walisimama na baiskeli zao. Na mimi kila mara narudi kwenye kile kitundu, natazama muda mrefu, kwa sababu nilijiona kama nimeruhusiwa kutazama kitu ambacho binadamu hatazami. Machozi yalinitoka. Nilidhani ni ya mshangao, na mengine yalikuwa ya mshangao kweli. Hapakuwa na maumivu hata kidogo.

Ukaja mbio kutoka shule, sare imejaa vumbi. Jua lilikuwa limebaki kama ukucha.

"Mama, nami nione!"

Nikasema, "Njoo, mwanangu, njoo haraka."

Stendi ilikuwa imenyooshwa kwa urefu wangu. Nikaanza kuishusha ifike kwako. Nikalegeza mguu wa kwanza, nikaushusha. Nikalegeza wa pili. Wa tatu ukakwama, kile kibano kilikuwa na mchanga, hakigeuki. Nikakwambia, "Subiri." Nikavuta, nikapiga kwa kiganja. Wewe hukuwahi kujua kusubiri. Ukaondoka ukaenda barazani, pale chini ya bati letu la zamani lililojaa matundu ya misumari, ambalo kila masika nilikuwa nalilaani kwa kuvuja.

Nikakusikia unapiga ukelele. "Mama! Mama, sakafu imejaa miezi!"

Nilikasirika, nikajua tutachelewa. "Njoo uone kitu cha maana hapa!" Ukakataa. Ukarudia, "Njoo wewe! Njoo wewe!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako tena. Nikaiacha stendi na kile kibano chake nikaja.

Sakafu nzima ya baraza ilikuwa na majua madogo yaliyomegwa. Mamia. Kila tundu la msumari lilikuwa limeangusha lake, yote yameelekea upande mmoja, yote membamba kama mwezi mwandamo. Yalikuwa kwenye benchi la wateja, kwenye ndoo, kwenye sare yako. Ulinyoosha mikono na yakakaa kwenye mikono yako. Ulikuwa huchezi, ulisimama wima kabisa kama mtu aliyekaliwa na ndege na hataki waruke. Nami nikasimama kando yako. Tukakaa pale mpaka miezi ikaanza kunenepa kidogokidogo, ikawa nusu, ikawa duara, ikawa madoa ya kawaida ya jua ambayo nimeyafagilia juu yake miaka yote bila kujua kwamba kila moja ni picha ya jua lenyewe.

Hukuchungulia kamera. Uliisahau.

Kesho yake asubuhi nilifungua Biblia nikakuta katikati ya kila neno pana shimo. Nikafumba jicho la kushoto nikakutazama ukifunga viatu, ukawa na nywele, na shingo, na kola, lakini huna uso. Nilifikicha macho. Ulikuwa bado huna uso.

Daktari wa macho aliniuliza kama nilitazama jua. Nikasema hapana, nilitumia filta. "Ya aina gani?" "Nyeusi, daktari." Akatikisa kichwa. Akaniambia nyeusi ni kwa vile ninavyoona mimi, lakini miale inayounguza haionekani, nayo ilipita pale kama inapita dirishani, na lenzi ndefu ikaikusanya yote ikaiweka nyuma ya jicho langu, mahali pasipo na maumivu. Filta ya jua yenyewe, akasema, ina utando kama wa chuma na huurudisha mwanga kabla haujaingia. Nikauliza kama litaendelea kuharibika. Akasema, "Hapana, mama. Halitaharibika zaidi na halitapona. Limeungua mara moja, basi." Halafu, huku anaandika, akauliza, "Kuna mwingine aliyechungulia?"

Nikasema hapana. Nikakumbuka kile kibano kilichokwama, nikamwomba maji.

Nilipofika nyumbani ulikuwa mlangoni. "Daktari kasemaje?" Na mimi, yuleyule wa Bibi Skolastika, nikakujibu, "Ni ugonjwa wa ukoo. Hata bibi yangu alikuwa nao."

Nilikuwa na aibu. Mpiga picha mzima, watu wa mji wananiita mwalimu, najiunguza jicho kwa filta ya kupigia maporomoko. Lakini aibu hiyo ningeimeza. Nilichoshindwa ni kwamba nikikwambia jicho liliungua vipi, nitalazimika kukwambia ile stendi nilikuwa naishusha kwa ajili ya nani. Miaka yote hii nilikuwa namshukuru Mungu kwa ule mchanga kwenye kibano na kwa bati bovu, namshukuru kana kwamba mikono iliyokuwa inalegeza miguu ile haikuwa yangu.

Nilidhani neno lile litapita. Halikupita. Ulianza kula karoti kama sungura. Ulipokuwa na miaka kumi na minne nilikukuta unafumba jicho moja moja unasoma kalenda. Kila likizo uliomba kwenda kupimwa, na kila ulipoambiwa uko sawa ulisema, "Bado haujaanza." Mwaka jana ulipopata ile nafasi Mwanza ukaikataa. Ukasema, "Jicho la pili likianza, nani atakutungia uzi kwenye sindano, mama?" Nikakuacha ukatae. Hilo ndilo baya kuliko yote niliyoandika hapa. Nilikuacha ukatae, na moyoni nilifurahi kwamba unabaki.

Nyamizi, hakuna ugonjwa. Bibi yangu alitunga uzi kwenye sindano mpaka anakufa. Macho yako hayana kitu ndani yake kinachosubiri kuanza. Hukurithi giza lolote kutoka kwangu. Jicho langu la kushoto ni zima na litabaki zima, nimefanya nalo kazi miaka kumi na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Unaweza kukaa Ujiji mwaka mzima, unaweza kukaa miwili, huhitaji kurudi kwa ajili ya sindano.

Nilifikiri niiweke barua hii chini ya nguo zako ili uikute mkiwa mmeshavuka Urambo, mbali, wakati hasira yako haiwezi kunifikia. Nimeona huo ungekuwa ujanja mwingine wa aina ileile. Kwa hiyo siiweki begini. Kesho gari la watafiti linakuja saa moja. Saa kumi na mbili chai itakuwa mezani, nitakupa karatasi hizi mkononi, na nitakaa hapohapo mbele yako mpaka umalize kusoma. Uniulize chochote. Safari hii nitakujibu.

Mama yako